Ubao Tulioushusha Darajani

Zimeni hiyo redio kwanza. Kitinda mimba, acha kusimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia, ingia ukae, kitanda kina nafasi na miguu yangu hii haisikii tena hata ukiikalia. Mwalimu, binti yangu, fungua daftari uandike ninavyosema, wala usininyooshee maneno, maana nimekula chumvi nyingi kuliko wewe na leo sitaki kusahihishwa. Na wewe Injinia, mwanangu mkubwa, simu weka mfukoni. Ofisi haitaanguka. Mimi niliitumikia ofisi hiyo ya maji miaka thelathini na sita, na siku niliyostaafu hata kiti changu hakikupoa kabla mwingine hajakikalia.

Mmemwona aliyekaa pale kwenye stuli, karibu na dirisha. Mmemwamkia kwa adabu, nimesikia, lakini nimeona pia mlivyotazamana. Shangazi yenu hajakanyaga nyumba hii kwa miaka ishirini na tisa. Hakuja hata wewe Mwalimu ulipoolewa, na mliambiwa kwamba mimi na mdogo wangu huyu tuligombania cherehani ya marehemu bibi yenu. Niliyewaambia ni mimi. Ulikuwa uongo, na cherehani yenyewe ilikuwa mbovu, haina hata sindano. Nimemwandikia barua kwa mkono wangu huu, naye amekuja kwa basi la asubuhi na fimbo yake. Ameniambia usoni kwamba nisingekuwa nakufa asingekuja, na namshukuru kwa kutonipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa tegeni masikio, kwa sababu pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja, si mara mbili.

Nyumba hii ni yenu watatu na isiuzwe wakati yeyote kati yenu hana pa kulala. Mwalimu achukue vitabu na kabati lake, na lile kabati lisitenganishwe, maana mlango wa kushoto unashikiliwa na vitabu vyenyewe. Kitinda mimba achukue baiskeli na vyombo vya shamba, ambavyo nadhani ameshavichukua. Injinia achukue buti zangu za mpira, daftari zangu za mtoni na ile mizani ya kupimia usawa yenye kioo kilichopasuka pembeni. Hayo ni madogo, nimeyasema haraka ili msije mkayatumia kulikwepa kubwa, na kubwa ni shamba la mferejini.

Injinia, mchoro wako nimeuona. Uliusahau juu ya meza ya chakula Jumapili, ukidhani mzee haoni. Macho yamechoka, kweli, lakini mchoro wa mfereji ule ningeujua hata kwa kuupapasa. Mnataka kuuchimba ushuke mita moja na nusu zaidi, ili maji yaliyobaki chini ya kinamasi yatoke yaje mjini. Mdomo wa mfereji, pale unapoanzia kinamasini, uko ndani ya shamba letu, kwa hiyo ofisi haiwezi kuugusa bila saini ya mwenye shamba. Mara tatu wameniletea karatasi, na mara tatu nimeirudisha tupu. Siku hizi hawaji tena, wanangoja tu, kwa kuwa habari za figo zangu wamezipata kwako. Nikishafukiwa karatasi itakuja kwenu, na ninyi watatu mtaisaini kabla viti vya msiba havijarudishwa. Msibishe. Nawajua, niliwazaa.

Unasema nini, Injinia? Mji una kiu? Unaniambia mimi mji una kiu! Kwenye ukumbi hapo nje yamepangwa madumu kumi na moja, na bomba la jikoni linakohoa hewa siku tano kwa wiki. Mama yenu, mke wa mkuu wa ofisi ya maji, alikuwa anapanga foleni na dumu lake nyuma ya lori la maji, na majirani wakimcheka, wakimwuliza mumewe anatawala maji gani. Akaja kuteleza kwenye ngazi na lita ishirini mkononi, nyonga ikavunjika, na tangu siku ile hakusimama tena. Miezi mitano nilimgeuza kitandani, upande huu, upande ule, na kila nilipomgeuza nilijua ni nani aliyemwangusha. Si ngazi, wanangu. Ni mimi, na nitawaeleza namna nilivyomwangusha, hata kama itaniua kabla ya wakati wangu. Nisogezeeni mto. Hapo hapo.

Mlizaliwa kinamasi kikiwa bado kinamasi. Injinia unakikumbuka, ulikuwa darasa la nne. Matete yalikuwa yanampita mtu mzima kwa kimo, kambare walinaswa kwa kikapu, na mto uliotoka kule ulikuwa mwembamba lakini haukukauka hata mwaka mmoja. Kila alfajiri nilikwenda darajani kusoma ubao. Ni ubao mrefu mweupe wenye mistari myeusi, umesimamishwa majini, unausoma kama rula, unaandika kina cha siku hiyo basi. Katikati ya kiangazi kabisa, wakati mbaya kuliko wote, maji yalikuwa yanasimama kwenye arobaini. Sentimita arobaini, mwaka baada ya mwaka. Nami, kijana wa miaka thelathini na minane mwenye tai, nikaona arobaini ni aibu. Nikasema maji mengi yanalala bure kinamasini, yanafuga mbu na kunyonywa na jua. Nikachora mfereji wa kuyatoa, kilomita sita, moja kwa moja kutoka katikati ya matete hadi mtoni.

Ofisi yetu mnaijua ilivyojengwa. Maji chini, Misitu juu, Kilimo ng'ambo ya ua, na Uvuvi walikuwa wamesukumwa kwenye kontena nyuma ya choo. Faili likitoka kwangu kwenda juu, ngazi kumi na nane tu, lilichukua siku kumi na moja, na likirudi lilikuwa limetiwa muhuri bila kufunguliwa. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Mimi maji nilikuwa nayahesabu kuanzia pale yanapoingia mtoni, kabla ya hapo hayakunihusu. Aliyekuwa juu, Misitu, akihesabu mimea ya kinamasini kwa mguu, akirudi na sketi imejaa tope hadi kiunoni, ni huyo mdogo wangu mnayemwona. Tulikuwa tunakula pamoja mchana, tukitaniana, yeye akiniita Bwana Bomba, mimi nikimwita Mama Matete.

Kitinda mimba, nenda sebuleni ukalete ile picha yangu iliyo juu ya televisheni. Ile ya ufunguzi wa mfereji, mimi na tai na mkasi. Nenda, mwanangu, nitakungoja.

Siku ya mkasi walikuja wakubwa wengi, wakapigwa picha, wakaondoka na viatu vikavu. Na kweli maji yalikuja. Kiangazi cha kwanza ubao wangu ulisoma sabini na mbili. Sabini na mbili, wanangu! Nilidhani nimesoma vibaya, nikashuka majini na suruali yangu ya kazini, nikapapasa mistari kwa kidole, ikawa ile ile. Ofisi nzima ilinibeba juu juu. Nikapandishwa cheo, nikapewa chumba chenye feni, nikagawiwa na shamba hili hili tunalozungumza, ekari kumi za ardhi iliyotoka kukauka, nyeusi, laini. Hotuba zikasemwa kwamba nimeumba maji. Hakuna maji niliyoumba. Kinamasi kilikuwa kinavuja. Maji kiliyoyaweka miaka mia, kikiyapokea wakati wa mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa jua, nilikuwa nimeyatoboa chini, yote yakatoka kwa pamoja, nami nikaandika kwenye kitabu kwamba mto umeongezeka. Kosa hilo mkulima hawezi kulifanya, na mvuvi vile vile. Ni kosa la mtu anayesoma ubao tu.

Weka picha hapa kifuani. Chukua kisu cha matunda, fungua misumari ya nyuma, taratibu, ile mbao imeliwa na mchwa. Toa hicho kilichomo katikati.

Ndiyo. Kurasa kumi na moja. Mdogo wangu, usilie, au lia tu, una haki. Ni mwandiko wako, umeutambua.

Hiyo ndiyo cherehani ya bibi yenu, wanangu. Hiyo ndiyo tuliyogombania. Shangazi yenu aliiandika ripoti hii wiki tatu kabla ya mfereji kufunguliwa, akaniletea mimi kwanza, siyo mkuu wake, kwa sababu nilikuwa kaka yake na hakutaka nidhalilike. Humo ameandika kila kitu. Ameandika kwamba mwaka wa kwanza maji yatazidi na watu watapiga makofi. Ameandika kwamba mwaka wa tatu mto utapungua chini ya pale ulipoanza. Kwamba matete yakifa udongo wake utapasuka na kushika moto kwa chini, kwamba visima vya upande wa mashariki vitashuka, kwamba kambare wakiondoka wavuvi watapanda mlimani kukata miti wapate cha kuuza, na mlima ukiwa mtupu mvua itashuka na tope kuja kujaza mfereji wenyewe. Siku hizi mna neno lenu zuri, mfumo ikolojia, mmelibandika ukutani pale kwenye ngazi pamoja na picha ya ndege na ua. Yeye hakuwa na neno hilo. Aliniambia tu, mezani, chakula kikipoa, "Kaka, usiyapime maji peke yake. Pima na anayeyashika." Na nilipomcheka, nikimwonyesha hesabu zangu, akasema mtu akikatwa mshipa damu nayo huonekana nyingi.

Nilimwambia nitaipeleka ripoti yake kwa wakubwa. Nikaifungia kwenye mtoto wa meza. Alipouliza nikamwambia imepotea kwenye lori la makao makuu. Alipoanza kuandika nyingine, na hili mdogo wangu hulijui, ukisikia leo unisamehe au usinisamehe, ni mimi niliyependekeza uhamishwe. Niliandika kwa kalamu yangu kwamba una hasira za kike na huelewani na wenzako. Wakakupeleka kituo kile cha mwisho wa barabara, ukakaa huko miaka kumi na minne ukihesabu miche kwenye vikopo. Mama yenu alijua nusu ya habari hii, na hiyo nusu ilimtosha. Mpaka siku anafumba macho alikuwa akiniambia, mwite wifi yangu, mwite. Sikukuita. Nilikuwa naona haya kuliko ninavyoogopa kaburi.

Unaniuliza kwa nini sikuichoma, Mwalimu? Swali zuri, ndilo lako siku zote. Sikuichoma kwa sababu nilijua ni kweli. Mtu hachomi kitu cha kweli kirahisi hivyo, anakificha nyuma ya sura yake mwenyewe akiwa na tai, na kila mgeni akija anakisifia.

Nipe maji, Mwalimu. Kijiko tu. Daktari amekataza zaidi ya kijiko. Kinamasi kizima nilikifukuza, na sasa maji yote yamekuja kukaa miguuni mwangu, tazameni yalivyovimba, na mdomoni sipati hata funda. Basi, yatosha.

Mwaka wa pili ubao ulisoma hamsini na tano. Nikasema ni ukame. Mwaka wa tatu, kumi na tisa. Nikasema ni wakulima wanaiba. Mwaka wa nne nilifika darajani asubuhi nikakuta ubao umesimama kwenye mchanga mkavu, na mtu amefunga mbuzi wake juu yake. Mbuzi amenitazama, mimi nimemtazama. Nilitaka kucheka, nikakaa chini pale pale mchangani. Hatua tano mbele palikuwa na kijito cha upana wa mkeka, na huo ndio uliokuwa mto wetu. Na wiki iliyofuata wakubwa walikuwa wanakuja kunipa kikombe.

Sasa Injinia, hapa nataka unisikilize kwa masikio ya kazi, siyo ya mtoto. Nilimchukua msaidizi wangu, yule marehemu tuliyekuwa tukimwita Kidole, na nyundo na koleo. Tukang'oa ubao. Tukausogeza hadi kwenye kijito, tukauchomeka chini zaidi, sentimita thelathini kamili, ili uguse maji na usomeke. Ukisogeza ubao sheria ni moja, unaandika kitabuni umeusogeza kiasi gani, ili hesabu za jana na za leo zisichanganyike. Mimi niliandika "matengenezo ya kawaida". Maneno matatu. Wakubwa wakaja, ubao ukawasomea ishirini na nane badala ya kuwasomea aibu yangu, wakanipa kikombe, ndicho kile tunachowekea kalamu.

Tangu siku hiyo kila namba iliyoandikwa pale darajani ni ya uongo kwa sentimita thelathini. Kila namba, mpaka ya leo asubuhi. Na mchoro wako, mwanangu, na hesabu zako za maji yatakayofika mjini, umezijenga juu ya kitabu changu. Nimeziona. Umeandika wastani wa kiangazi arobaini na sita. Toa thelathini. Ndiyo, toa. Huo ndio mto ulio nao.

Unahesabu kwa vidole. Si kawaida yako.

Sikuiti mwizi, Injinia. Ungekuwa mwizi ningelala vizuri zaidi, kwa maana mwizi hukamatwa. Wewe ni mtu mwema unayeamini namba za baba yake. Mtachimba mita moja na nusu, na maji yatakuja, nakuhakikishia. Ubao utapanda. Watakubeba juu juu kama mimi, watakupa chumba chenye kiyoyozi, na mwanao atapigwa picha na mkasi. Mwaka wa nne utakwenda darajani utakuta mbuzi. Lakini safari hii chini ya kinamasi hakutakuwa na kitu kingine cha kutoboa, na mji huu utahama kwa miguu, na wewe utakuwa na kikombe cha kuwekea kalamu. Nasema kwa uchungu kwa sababu nina uchungu. Umenifuata kila hatua, ukikanyaga nyayo zangu zile zile, nami kwa miaka yote hiyo nilijivuna mtaani kwamba kijana wangu amenirithi.

Na ninyi wawili msifurahi. Kitinda mimba, wewe unahesabu kabichi zako, unajua mfereji ukizibwa ekari saba za chini zitarudi kuwa tope. Ni kweli, zitarudi. Utabaki na tatu za juu, karibu na barabara, na utaninung'unikia. Ninung'unikie. Tangu mwaka juzi udongo ule wa chini unatoa moshi wakati wa jua, umenificha ukidhani sijui, ukienda kuuzima kwa majani mabichi. Kabichi zako zinaota juu ya kitu kinachoungua. Mwalimu, wewe huna kosa ila moja, kwamba kila jambo unalisema lisubiri mpaka watu watulie. Sisi ndugu hatutatulia. Usisubiri.

Haya. Niinueni kidogo, kifua kinabana. Mdogo wangu, sogeza stuli.

Ninachotaka ni hiki. Mfereji uzibwe. Usizibwe mahali pamoja, kizibo kimoja mvua ya kwanza inakibeba. Viwe vizibo saba, kuanzia mdomoni kushuka, hatua arobaini kutoka kimoja hadi kingine. Udongo wake wenyewe bado umelala kandokando, lile tuta lote lililoota nyasi, lilitoka humo na linatosha kurudi humo. Mshindilie kila tabaka la shubiri moja, msimwage tu kama wanaofukia takataka. Kizibo kipite ukingo kwa kiganja, ili maji yasikimbie juu yake bali yaelemee pembeni, yatafute matete. Shangazi yenu ndiye atakayepima usawa, kwa ule mpira mwembamba wa mafundi unaoonyesha maji ndani, na atakachosema yeye ndicho, hata Injinia akiwa na karatasi ngapi. Msitegemee kitu mwaka wa kwanza. Wala wa pili. Watu watawacheka kwamba mmefunga maji mji ukiwa na kiu, na jibu lenu litakuwa kurasa hizi kumi na moja tu. Zipigeni chapa. Pelekeni chini, juu, ng'ambo ya ua na kwenye kontena, zisomwe siku moja, na jina la mwandishi liwe juu.

Mnaitikia kwa vichwa. Mnaniahidi. Ahadi sizitaki, wanangu, ofisini nimeona ahadi nyingi zenye mihuri. Nyinyi ni watu wema na watu wema husaini, wakiombwa kwa upole mara ya nne. Ndiyo maana sikuweka tumaini langu katika wema wenu. Nimeliweka katika aibu mliyonayo, hiyo naijua kwa kuwa mmeitoa kwangu.

Nizikeni kwenye mdomo wa mfereji.

Mmenisikia. Msinipeleke makaburini karibu na mama yenu, sistahili, mwambieni nitakuja nikimaliza kazi. Pale mfereji unapotoka kinamasini, katikati kabisa, ni pakavu sasa, chimbeni, nilazeni kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi niwe kizibo cha kwanza. Halafu atakayetaka kuufungua, awe wa ofisi, awe wa mji, awe mmoja wenu na karatasi yake, aje na koleo aanze na mimi. Amfukue baba yake mbele ya watu, mchana. Akiweza hilo, basi maji ni yake.

Msiseme maji yataingia kaburini. Yaingie. Ndiyo maana yake.

Nini? Sema tena, sikio hili... Unauliza ule msumari wa kupimia ubao uko upande gani wa nguzo ya daraja?

Ah, Injinia, mwanangu. Miaka kumi na miwili umekaa kwenye kiti changu, hujaniuliza swali la kazi hata siku moja. Upande mto unakotokea. Kimo cha kifua, chini ya rangi, ukwangue. Msumari mnene wa chuma, kila kipimo cha pale kilitokana na huo, hatukuugusa, hata mimi sikuthubutu. Kutoka msumari hadi sifuri ya ubao iliandikwa mita tatu na kumi. Pima mwenyewe. Utakuta tatu na arobaini. Usiniamini mimi, mwanangu, nimekuambia mimi ni nani. Pima.

Nimechoka. Mwalimu, umeandika? Hata pale pa mbuzi? Vizuri. Usipafute.

Mdogo wangu, mkono wako uko wapi. Bado una tope kwenye kucha, miaka yote hii. Usiseme umenisamehe wakiwa wanasikia, watadhani ni rahisi.

Wanangu, nawabariki, ingawa mdomo wangu hauna haki ya kubariki mtu. Mle mkashibe. Msigombane kwa ajili ya nyumba. Watoto wenu wasipange foleni na madumu. Wakiwauliza babu alifanya kazi gani, msiwaambie alileta maji, waambieni... waambieni anayashikilia.

Juu yangu msiweke saruji. Matete tu. Na udongo... kila shubiri... Injinia, nguvu unazo wewe. Shindilia. Usinionee huruma, shindilia.